Chumvi Kwenye Waya wa Ardhi

Fyuzi ikiungua huwa nyeusi. Kila fundi analijua hilo, hata yule wa kubahatisha. Kioo chake hushika moshi, uzi wa ndani hukatika, basi, unaitupa na kuweka nyingine. Lakini hii aliyoishika Projestus mchana ule ilikuwa nyeupe. Ilikuwa na ukungu kama dirisha la asubuhi ya mvua, na alipoitikisa karibu na sikio akasikia tone la maji likicheza ndani. Maji! Ndani ya kioo kilichozibwa kiwandani huku na huku. Akainusa. Ilinukia marashi.

"Joto tu hili," akasema, akaitupa kwenye kopo. Jamani, binadamu hatukosi neno la kujituliza.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, Mwingereza bado yupo, na Yombo ya nyuma ya Temeke ilikuwa mikorosho na vijumba vya kuhesabika. Juu ya mwinuko serikali ilijenga kibanda cha matofali na mlingoti wa chuma, ndani wakaweka mashine ya redio. Kazi ya mashine ile ilikuwa kuzipokea sauti za magari ya serikali yaliyokuwa mbali, zikifika zimedhoofika, na kuzirusha tena kwa nguvu hadi mjini. Ilikula umeme wa betri, nazo zilijazwa na jenereta. Kati ya betri na mashine palikuwa na sanduku la ulinzi, na ndani ya sanduku ndimo ilimokaa fyuzi. Umeme ukija kwa fujo, fyuzi inakufa yenyewe ili vilivyo nyuma yake vipone. Na nyuma yake haikuwa mashine peke yake. Waya mmoja ulitoka kwenye sanduku lile ukavuka uwanja hatua thelathini hadi nyumba ya Projestus, fundi wa kituo, ukawasha taa moja ya sebuleni. Yombo nzima hapakuwa na taa nyingine kama ile.

Mwenye kujivunia taa hiyo alikuwa Felicitas, mke wake, ndoa yao ina miezi mitano. Wote watu wa Bukoba. Felicitas alikuwa na sauti, nakwambia, sauti! Akichambua mchele huku anaimba, wanawake wanaopita na ndoo walipunguza mwendo. Kanisani mapadre walimwachia yeye aanzishe nyimbo. Projestus alikuwa akisimamisha jenereta hata kabla ya muda wake ili amsikie. Jambo moja tu la kwao hakuliacha: mama yake alimfunza kwamba mke hatamki jina la mume. Basi yeye alimwita "fundi." Fundi chakula tayari, fundi umechelewa, fundi njoo uone mjusi huyu. Tangu wafunge ndoa, jina la Projestus halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Kesho yake fyuzi ikakatika tena. Saa sita na nusu mchana, jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu. Keshokutwa yake vilevile, saa ileile. Nyeupe, ina tone la maji, inanukia marashi. Kila mara redio ilinyamaza, na kutoka mjini Adelard, karani wa laini, alimpigia simu ya waya na kumfokea. "Yombo, mmekufa huko?"

Projestus hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alianza kutafuta kosa kama alivyofundishwa: unatoa kimoja, unatazama. Akazipima betri, zikawa nzima. Akafungua kila skrubu ya sanduku, akasugua kutu, akakaza. Siku ya nne akauondoa waya wa mlingoti, fyuzi ikakatika. Siku ya tano akaizima jenereta kutwa, ikakatika. Ndipo alipoanza kuutazama mshale wa mita ya umeme mle sandukuni ilipokaribia saa ile, na akatamani asingeutazama. Umeme ukizidi, mshale huruka. Huu haukuruka. Ulipanda taratibu, ukashuka kidogo, ukapanda zaidi, ukashuka, kama kifua cha mtu anayepanda ngazi na mzigo. Halafu spika ikakwaruza, ikatoa sauti.

"Proje..."

Tap! Fyuzi ikakatika.

Ilikuwa sauti ya Felicitas. Alitoka mbio akavuka uwanja, akamkuta mkewe jikoni anapalia moto.

"Umeniita?"

"Mie? Sijakuita, fundi," akasema, akakohoa. "Koo linanikereketa tu, moshi huu."

Siku ya pili yake spika ilisema, "Projestus." Ya tatu, "Projestus, ni..." Kila siku fyuzi iliikata, na kila siku ilichelewa kidogo, neno likasogea mbele. Na kila siku Felicitas alipoteza sauti kidogo. Kwanza ilikwaruza. Kisha akawa hawezi kupanda juu kwenye nyimbo. Jumapili kanisani alifungua kinywa aanzishe, ukatoka upepo mtupu, na watu wakageuka kumtazama. Alirudi nyumbani akajifunika kanga usoni, akalia. Projestus alikaa karibu naye akamfuta machozi kwa kidole, na kwa upole wa wapya wa ndoa akakigusisha kidole mdomoni, akamtania, "Chumvi yote hii! Ungenibakizia ya mboga." Felicitas akacheka bila sauti. Ndipo Projestus alipoogopa kweli. Alikuwa tayari kuipoteza kazi, nyumba na taa, lakini sauti ile hapana.

Jumatatu akafanya alichokuwa anakikwepa. Akakata kila kitu. Mashine akaitoa, mlingoti akautoa, taa ya nyumba akaitoa, hata betri zenyewe akazing'oa akaziweka nje kwenye nyasi. Katika sanduku ikabaki fyuzi mpya, mita, na waya wa ardhi, ule waya mnene wa shaba unaotoka kibandani na kuzama ardhini kwa fimbo ya shaba yenye urefu wa mtu, ili radi ikipiga iende zake chini. Hapakuwa na umeme hata wa kumwasha mende. Akakaa juu ya debe, mikono imekumbatia magoti, jasho linamtiririka mgongoni, akisikia mabati yakialika kwa joto, na ilipotimu saa sita na nusu ule mshale, ambao haukuwa na chochote duniani cha kuuinua, ukainuka, ukapumua, ukainuka, harufu ya marashi ikajaa kibandani mpaka akaionja ulimini, na spika iliyokuwa sakafuni haijaungwa popote ikasema kwa sauti tamu ya mke wake, "Projestus, nifungulie..."

Tap.

Alitoka nje. Pale penye fimbo ya shaba alikuwa amesimama Mzee Mwinjuma, mlinzi wa kituo, Mzaramo wa palepale Yombo, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," Projestus akasema, maana hata aliyetishika hasahau adabu.

"Marahaba, fundi. Umeshajua linakotoka?"

"Kwenye waya wa ardhi. Linapanda kutoka chini. Mzee, ni nini hiki?"

Mwinjuma akamtazama. "Tangu ufike hapa ndiyo mara ya kwanza unaniuliza kitu."

Na ilikuwa kweli. Projestus alipofika, kiangazi kilikuwa kikali na udongo wa pale umekauka kama kigae. Kila adhuhuri alimwona mzee akimimina kata ya maji penye fimbo, akadhani amefundishwa na fundi aliyetangulia, kwa kuwa udongo mkavu haupokei umeme. Akasema atamsaidia. Kitabu cha mafunzo kilieleza wazi: ardhi ikiwa kavu, chimba, changanya mkaa na chumvi, fukia. Akamwaga nusu gunia la chumvi ya mawe. Mwinjuma alisimama pembeni akimtazama, kata mkononi, akafungua mdomo, akaufunga. Toka siku ile hakumimina tena.

"Pale ni kwake, pepo wa mahali hapa," Mwinjuma akasema kwa sauti ya chini. "Tangu babu zetu. Wazungu walipopigilia ile fimbo tulisema basi, atauzoea msumari mmoja, tukawa tunampa maji yake yenye marashi saa yake ya kutembea, hii ya jua la utosi. Akatulia. Chakula chake hakitiwi chumvi, fundi. Chumvi kwao moto. Wewe ukaja ukammwagia gunia kitandani. Huko chini hakukaliki, njia ya kutokea iliyobaki ni moja, ndiyo hiyo waya yako."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Ungenisikiliza?"

Projestus akainamisha kichwa.

"Ila mna bahati," mzee akaendelea. "Kile kikioo chako kinamkata kila akitaka kuvuka. Sijui mmekitengenezaje. Ana siku kumi anabisha hodi na hajaingia. Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nimlete dada yangu, Bibi Mwamvua. Atachimba chumvi, atamrudisha. Mkeo atapona."

"Kesho haiwezekani," Projestus akasema. "Kesho bwana mkubwa, mzungu wangu wa mjini, anakuja. Ameandika kwamba atakaa hapa mpaka saa saba, aone kwa macho yake. Fyuzi ikikatika mbele yake, ananirudisha Bukoba kwa barua ya kosa. Akikuta tunachoma udi ndiyo kabisa. Keshokutwa, mzee. Siku moja tu."

"Basi ikatike mbele yake," Mwinjuma akasema. "Urudi Bukoba na mkeo mzima. Hicho kikioo usikiguse, mwanangu. Nakuomba."

Angemsikia! Lakini usiku kucha Projestus aligeuka kitandani, na asubuhi akafanya lile ambalo kila fundi ameshalifanya mahali fulani akaapa hatarudia. Ndani ya mlango wa sanduku palikuwa na karatasi ya bwana mkubwa: atakayeweka msumari mahali pa fyuzi, siku hiyohiyo kazi basi. Projestus akaisoma. Akachukua msumari wa inchi tatu, akaupachika mahali pa fyuzi, akarudisha nyaya zote, ile ya taa ya nyumbani pia ili kila kitu kionekane sawa, akafunga mlango wa sanduku. Siku moja tu, akajiambia tena.

Bwana mkubwa alifika saa tano, mwekundu kwa jua, akakaa kwenye kiti cha pekee na saa yake mkononi. Saa sita. Sita na robo. Marashi yakaanza, mzungu akakunja pua. "Nani anatumia manukato hapa?" Macho ya Projestus yalikuwa kwenye mshale, nao ulishaanza kupanda na kupumua, ukafika pale ambapo siku zote fyuzi hukata na haukukatwa, ukapita, ukafika mwisho wa namba ukatetemekea hapo, kuta zikatoa mlio mwembamba, nywele za mikono zikamsimama, na yeye moyoni akiomba, yeye fundi wa serikali, akiomba kwa watakatifu wote aliowajua kwamba msumari uungue, uungue tu, uungue sasa hivi, na msumari ni chuma, hauungui.

"Projestus," ikasema spika taratibu, bila haraka tena, "nifungulie mlango. Nimechoka kukaa nje."

Kisha Adelard kutoka mjini: "Yombo, Yombo, nani huyo mama kwenye laini?"

Mshale ukashuka mahali pake ukatulia. Saa sita na dakika arobaini, redio inafanya kazi, magari yanaitana. Bwana mkubwa akafunga saa yake. "Imepona," akasema. "Kazi nzuri. Lakini mke wako asiguse tena mashine ya serikali." Akapanda gari akaondoka.

Projestus alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Sebuleni taa inawaka mchana kweupe, nyeupe mno, na chini yake Felicitas ameanguka chali, macho wazi, midomo inacheza bila sauti yoyote. Alimpakata, akamwita, akamwagia maji. Kabla ya kumbeba kitandani alirudi kibandani, akachomoa ule msumari kabla mtu hajauona, akaweka fyuzi mpya. Msumari akautia mfukoni.

Asubuhi Bibi Mwamvua akaja, mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye maneno machache na mikono ya kazi. Hakuwa na vitisho vya kiganga. Alimtazama Felicitas machoni kwa muda mrefu, akamshika koo, akatoka nje akasimama penye fimbo na kaka yake.

"Baba," akamwambia Projestus, "nataka jambo moja, na ulijibu kweli. Jana adhuhuri kile kikioo kilimkata, au alivuka?"

Mwinjuma alikuwa anamtazama. Msumari ulikuwa unamchoma pajani ndani ya mfuko. Angesema, mzee yule aliyemwomba kwa upole angelijua. Angesema, habari ingetembea, na karatasi ya bwana mkubwa ilikuwa bado ipo mlangoni. Aibu, jamani, aibu tu.

"Kilimkata," akasema. "Kama siku zote."

"Una hakika?"

"Nina hakika, bibi."

"Basi hajaingia. Yuko kwenye waya, na mkeo ana hofu tu. Tutamteremsha kwa njia aliyopandia."

Walichimba kutwa. Chumvi yote ilitolewa na udongo wake ikapelekwa mbali, shimo likaoshwa kwa maji baridi ndoo ishirini. Fimbo ya shaba ikahamishiwa upande wa pili wa kibanda. Bibi akaweka wali usio na chumvi juu ya jani la mgomba, akafukiza udi, akamimina marashi, akasema naye kwa Kizaramo kwa sauti ya kubembeleza, kama unavyomsemesha mgeni uliyemkosea. Kisha akafukia, akapigilia vigingi saba, akafunga juu kwa kitambaa chekundu. "Amelala," akasema. Na jioni ileile, kabla jua halijazama, Felicitas akaketi kitandani akaomba maji, kwa sauti yake nzima. Projestus alilia mbele za watu wala hakujali.

Tangu siku hiyo fyuzi haikukatika. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Adelard akawa anapiga simu kumsalimu tu.

Kwa hiyo ni kitu gani kilichokuwa kinamfanya Projestus asitulie? Vitu vidogo. Felicitas alipika bila chumvi. Mara ya kwanza alidhani amesahau, akainuka kuchukua kikopo, hakipo. "Imeniishia hamu," akasema mkewe. Aliponunua nyingine, akaikuta imemwagwa chooni. Halafu kuimba: aliimba, tena vizuri kuliko zamani, lakini si nyimbo za kanisa, na kila mara saa sita na nusu, amesimama peku uwanjani, juani, bila kivuli wala jasho. Halafu jambo ambalo Projestus alichelewa kuligundua kwa kuwa ni la kutokuwepo. Tangu apone hakumwita fundi hata siku moja. Hakumwita chochote.

Akawa anafungua sanduku mara kumi kwa siku kuitazama fyuzi. Nzima, safi, uzi unang'aa. Alitamani ikatike. Fundi gani anaomba fyuzi ikatike?

Mwisho akashindwa. Asubuhi moja akaenda mpaka kwa Bibi Mwamvua, akamkuta anasuka ukili, akapiga magoti bila salamu akaweka msumari juu ya mkeka.

Bibi aliutazama. Hakuuliza ni wa nini. Ukili ukamdondoka.

"Alivuka," akasema.

"Alivuka, bibi. Nilikudanganya. Nisaidie, mtoe, mrudishe kwake."

"Kwake wapi?" akauliza bibi. "Nilipigilia vigingi, mwanangu. Nilifunga nyumba nikidhani mwenyewe yumo. Akifungiwa nje mara mbili, kwa chumvi na kwa vigingi, haurudii tena mlango ule hata ukiung'oa. Ungeniambia siku ile ningemtoa kwa mkeo kwanza, ndipo nifunge."

"Sasa nifanyeje?"

Bibi Mwamvua akausukuma msumari kwake kwa ncha ya kidole. "Ishi naye vizuri," akasema. "Asikasirike."

Alirudi Yombo kwa miguu, hakumbuki njia. Jua lilikuwa utosini alipofika. Felicitas alikuwa ameketi sebuleni, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri mgeni. Alipomwona machozi yakamtoka, makubwa, mfululizo, na Projestus, ambaye hata wakati ule alikuwa bado anampenda, alipiga magoti mbele yake akamfuta kwa kidole kama siku ile ya Jumapili. Labda, akawaza. Labda bibi amekosea. Akakigusisha kidole mdomoni.

Hayakuwa na ladha yoyote. Yalikuwa maji matupu, na kwa mbali marashi.

Mkewe akatabasamu. Akamwekea mkono shavuni, mkono mkavu, baridi, katika joto lile la adhuhuri.

"Projestus," akasema kwa ile sauti tamu, "funga mlango."

Juu yao taa ilikuwa inawaka vizuri, wala haikutetereka.